Saikolojia kupitia komyuniti koleji ya California: mpango wa miaka miwili hadi chuo kikuu

Mwanafunzi wa saikolojia anayekwama komyuniti koleji mara nyingi hakwamishwi na saikolojia yenyewe. Anakwamishwa na somo la takwimu aliloliahirisha kwa kuliogopa, na tarehe ya mwezi wa kumi na moja ambayo hakuna aliyemtajia mapema. Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu walioko California, au wanaojiandaa kwenda huko, wanaotaka kuanzia komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili cha bei nafuu, kisha wahamie chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Majimbo mengine ya Marekani yana taratibu zao. Nimeshika California kwa sababu ina koleji za namna hii 116, na kanuni zake zimeandikwa wazi kiasi kwamba mtu anaweza kukaa na kalamu akapanga.

Mfumo wenyewe ulichorwa mwaka 1960 katika Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa jimbo. Juu kuna University of California, yaani UC, yenye kampasi tisa zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katikati kuna California State University, CSU, yenye kampasi zaidi ya ishirini. Chini kuna komyuniti koleji, zinazompokea karibu kila mtu mzima anayegonga hodi, na kazi yao mojawapo ni kuwapandisha wanafunzi kwenda ngazi hizo mbili. Anayehama haonekani mtu wa mlango wa nyuma. Shahada yake mwishoni inaandikwa jina la chuo kikuu, sawa na ya aliyeingia pale moja kwa moja kutoka sekondari.

Kabla hujajisajili: shahada hii inakupeleka wapi

Ukimwambia mzazi kwa simu kwamba unasoma saikolojia, usishangae akiuliza, "Umeenda mpaka Marekani kusomea wendawazimu?" Usimkasirikie mama. Ila uwe na jibu, na jibu liwe la kweli, kwa sababu wewe mwenyewe unalihitaji kuliko yeye.

Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mwanasaikolojia. California, mtu anayejiita mwanasaikolojia na kutibu watu awe na shahada ya uzamivu, saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi, na mitihani ya leseni. Mtaalamu wa tiba ya ndoa na familia anahitaji uzamili na saa zake 3,000. Vivyo hivyo mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba. Ukiishia shahada ya kwanza, zipo kazi za kufuatilia wateja katika mashirika ya huduma za jamii, kusaidia watoto wenye usonji, ofisi za rasilimali watu, utafiti wa masoko na kazi za shuleni. Mishahara ya kuanzia ya kazi hizo si mikubwa, nakwambia mapema. Lakini mwenye uzamili na leseni, anayeweza kukaa na mama wa Kikongo na kumsikiliza kwa Kiswahili bila mkalimani, hao ni wachache sana, na mashirika yanayohudumia wakimbizi yanawatafuta.

Kwa hiyo hesabu safari yote. Ukijua mbele kuna uzamili, kuokoa fedha katika miaka miwili ya kwanza ni jambo la akili sana.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani la ada

Mkazi wa jimbo anatozwa dola 46 kwa kila yuniti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, bei isiyobadilika tangu 2012. Kozi nyingi zina yuniti 3 hadi 5, na ili uhame unahitaji yuniti 60. Hiyo ni dola 2,760 za masomo kwa miaka miwili mizima, ukiacha vitabu, nauli na ada ndogondogo za afya na maegesho. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hizo kupitia California College Promise Grant. Wengi wanastahili na hawajaomba.

Bei hiyo ni ya mkazi. Asiye mkazi analipa mara kadhaa zaidi kwa yuniti ileile. Ili uhesabiwe mkazi, uwe umeishi California zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muhula kuanza, na uonyeshe nia ya kubaki: kodi ya mapato, leseni ya udereva, mkataba wa nyumba. Tunza karatasi hizo tangu unapofika. Mkimbizi aliyefikia California moja kwa moja asikubali kuandikiwa ada ya mgeni kabla hajaiuliza ofisi ya udahili kuhusu msamaha unaomhusu. Na kuna kanuni ya AB 540: aliyesoma miaka mitatu katika sekondari, shule ya watu wazima au komyuniti koleji za California na kutimiza masharti mengine anaweza kulipa ada ya mkazi hata kama karatasi zake za uhamiaji hazijakaa sawa.

Msaada wa fedha wa serikali kuu unaombwa kwa fomu ya FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Ijaze mapema, maana ruzuku za jimbo zina tarehe yake ya Machi 2. Pell Grant, ambayo hairudishwi, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kwa anayestahili kiwango cha juu. Kumbuka Pell ina kikomo cha maisha, sawa na miaka sita ya kusoma muda wote. Anayezungukazunguka koleji miaka minne akiitumia yote anafika chuo kikuu amebakiwa na theluthi moja.

Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, hana FAFSA na analipa ada ya mgeni. Lazima asajili angalau yuniti 12 kila muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni inayohesabiwa. Kazi anayoruhusiwa bila kibali cha ziada ni ya ndani ya kampasi, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hata hivyo miaka miwili ya koleji humgharimu pungufu sana kuliko miaka miwili ya UC, ndiyo maana Santa Monica College na De Anza College zimejaa wanafunzi kutoka duniani kote.

Hatua ya 2: Chagua unakokwenda kabla ya kuchagua kozi

Fungua tovuti ya ASSIST. Ndiyo hifadhi rasmi ya makubaliano kati ya koleji na vyuo vikuu vya umma vya California. Weka jina la koleji yako, kisha chuo kikuu, kisha saikolojia. Itakuonyesha kozi ipi ya koleji inasimama badala ya kozi ipi ya chuo kikuu.

Fanya hivyo kwa vyuo vikuu vitatu, chapisha karatasi zote, zitandaze mezani. Kozi inayojitokeza kwenye zote tatu ndiyo ya kuanza nayo. Utaona tofauti kubwa: kuna kampasi zinazoridhika na utangulizi wa saikolojia, takwimu na mbinu za utafiti, na nyingine zinazotaka baiolojia yenye maabara, kemia au fizikia, na hesabu za juu. Tazama pia kama programu ni BA au BS, maana ile ya pili huongeza sayansi. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine havimo ASSIST. Hivyo waandikie wenyewe.

Halafu kuna njia mbili zenye dhamana. Ya CSU ni shahada ya miaka miwili iitwayo AA-T ya saikolojia, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2010. Ukiimaliza kwa masharti yake umehakikishiwa nafasi ndani ya mfumo wa CSU, na ukiendelea na fani inayolingana, kilichobaki ni yuniti 60. Soma vizuri hapo: nafasi ndani ya mfumo, wala si lazima iwe kampasi uliyoiota. San Diego State, kwa mfano, ina msongamano katika fani zake zote, na AA-T pekee haikupitishi.

Ya UC inaitwa TAG. Unachagua kampasi moja, unatimiza wastani wa alama na kozi ilizoweka, nayo inakuhakikishia nafasi. Kampasi zilizomo ni sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Fomu ya TAG hupokelewa Septemba 1 hadi 30 tu, miezi kumi na miwili hivi kabla ya kuanza chuo kikuu.

Ushauri wangu ni kupanga AA-T na karatasi za ASSIST kwa pamoja. Kwa saikolojia kozi za msingi ni zilezile, na hujui mwezi wa nne, majibu yakitoka, utakuwa na moyo wa kwenda wapi.

Hatua ya 3: Panga mnyororo wa saikolojia, na takwimu iwe mapema

Hapa ndipo pa kukaa. Kozi tatu za msingi zinafuatana: utangulizi wa saikolojia, takwimu, kisha mbinu za utafiti. Ya tatu kwa kawaida huifikii bila kupita mbili za mwanzo. Kwa hiyo, hata ukiwa na akili ya kuruka, unahitaji mihula miwili au mitatu kuzimaliza. Sasa weka juu yake kalenda ya maombi: unaomba chuo kikuu mwezi wa kumi na wa kumi na moja wa muhula wa tatu. Aliyesukuma takwimu hadi muhula wa nne atakuwa anaisoma pamoja na mbinu za utafiti, kama koleji itamruhusu, au atasubiri mwaka mzima. Kwa mwenye F-1 mwaka huo ni ada ya mgeni, bima na kodi ya nyumba.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Muhula wa kwanza chukua utangulizi wa saikolojia, ambao tangu koleji zilipoanza kutumia namba za pamoja za kozi unaitwa PSYC C1000 kokote uendako, pamoja na Kiingereza cha uandishi, ENGL C1000. Muhula wa pili ni wa takwimu, STAT C1000, na baiolojia. Wa tatu chukua mbinu za utafiti na saikolojia ya kibaiolojia, inayohusu ubongo na mishipa ya fahamu. Wa nne jipe raha kidogo: saikolojia ya jamii, au makuzi ya binadamu tangu utoto hadi uzee. Katikati jazia kozi za jumla, zile zinazotakiwa kwa kila mwanafunzi bila kujali fani.

Hofu ya takwimu naielewa. Wengi walitoka kidato cha nne wakiwa wameapa kutoshika hesabu tena. Lakini somo hili halifanani na aljebra ile ya ubaoni. Unajifunza kusoma data, kupima kama tofauti kati ya makundi mawili ni ya kweli au ya bahati, na kuandika kwa maneno kile namba zinasema. Kompyuta inafanya sehemu kubwa ya kukokotoa. Tangu sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, koleji hazikulazimishi tena kupanda ngazi ndefu za hesabu za kujikumbusha. Nyingi hutoa takwimu pamoja na darasa la msaada pembeni. Chukua lile lenye msaada. Halina aibu.

Kozi za fani usizichukue kwa mtindo wa kufaulu-au-kutofaulu. Zichukue kwa herufi, na ulenge B kwenda juu, hata kama C inakubalika kwa maandishi.

Hatua ya 4: Kozi za jumla

Tangu msimu wa vuli wa 2025 kuna orodha moja ya kozi za jumla kwa UC na CSU, iitwayo Cal-GETC: kozi 11, yuniti 34 kwa uchache. Saikolojia na takwimu zinahesabika humo pia, kwa hiyo mzigo ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Kuna kozi ya kuzungumza mbele ya watu, ambayo wageni huiahirisha kwa sababu ya lafudhi. Ichukue mapema, walimu wake wamezoea lafudhi za kila aina.

Vitivo vingine vya UC hudai pia lugha nyingine zaidi ya Kiingereza kabla ya kuhitimu. Kama ulisoma shule kwa Kiswahili, peleka vyeti na uulize kama vinatosheleza kabla hujajiandikisha Kihispania cha kwanza ambacho hukihitaji.

Koleji chache, De Anza na Foothill zikiwemo, hutumia robo badala ya muhula, na hapo yuniti za kuhama ni 90. Usichanganye hesabu hizo mbili.

Hatua ya 5: Vyeti vya nyumbani

Kama uliwahi kusoma chuo kikuu Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au kwingineko, hata muhula mmoja ulioshindwa, unatakiwa kuutaja kwenye maombi. Kuuficha kunaweza kukufutia nafasi baada ya kukubaliwa. Koleji nyingi huomba vyeti vya nje vitathminiwe na wakala anayetambulika, kama WES, na unalipia mwenyewe. Omba nakala rasmi ungali nyumbani, ukiweza, kwa sababu kumtuma binamu kwenye dirisha la masijala miezi minane baadaye ni kazi ya kumchosha binamu.

Hatua ya 6: Darasani

Mwalimu wa koleji ana saa za ofisi, na saa hizo ni zako. Sisi tumekulia mahali ambapo kuitwa ofisini kwa mwalimu ni dalili ya kosa. Hapa asiyeonekana ndiye anayesahaulika. Nenda wiki ya pili na swali moja la kweli. Jiunge pia na Psi Beta kama koleji yako inayo: ni chama cha heshima cha wanafunzi wa saikolojia wa koleji za miaka miwili, na humo ndimo husikika habari za mwalimu anayetafuta msaidizi wa utafiti.

Jua tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi. Kujiondoa kabla ya tarehe kunaacha herufi W, kuchelewa kunaweza kuacha F. W moja haiui mtu, ila zikirundikana zinagusa msaada wako wa fedha. Mwenye F-1 asijiondoe kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, maana akishuka chini ya yuniti 12 bila ruhusa amevunja masharti ya viza.

Na usione saikolojia kama elimu ya watu wengine. Kwenye sura ya makuzi ya mtoto utakutana na Mary Ainsworth na nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi. Msingi wa kazi yake uliwekwa Uganda katikati ya miaka ya 1950, alipozitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala na kuangalia jinsi watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Baadaye, mwaka 2010, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba tafiti nyingi za saikolojia zimejengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo, kisha zikazungumza kana kwamba ni binadamu wote. Wewe uliyelelewa na shangazi, bibi na majirani una la kusema katika mjadala huo, na mwalimu mzuri atakusikiliza.

Hatua ya 7: Maombi

Dirisha la UC na la CSU hufunguka Oktoba 1 na hufungwa mwisho wa Novemba au siku moja mbili baada yake. Ada ya CSU ni dola 70 kwa kampasi. UC ni dola 80, na 95 kwa mwanafunzi wa kimataifa. Mwenye kipato kidogo aombe msamaha ndani ya fomu yenyewe.

UC inataka insha fupi nne, kila moja isizidi maneno 350. Moja ni lazima kwa anayehama: umejiandaaje kwa fani yako? Tatu unachagua kati ya saba. Hawahitaji barua za kupendekezwa katika hatua hii, kwa hiyo usimsumbue mwalimu. Kwenye ile ya lazima, wengi hueleza walivyoteseka wakasahau kueleza walichosoma. Anza na kozi ya mbinu za utafiti: uliuliza swali gani, ulikusanya data vipi, nini hakikuenda ulivyotarajia. Maisha ya nyumbani yaingie pale yanapoeleza kwa nini swali hilo lilikugusa. Kambi ya wakimbizi ikitajwa tu ili msomaji ahurumie, msomaji anaiona hivyo.

Ukishatuma, kazi haijaisha. UC hutaka urudi Januari na kuingiza alama za muhula wa vuli, mwisho Januari 31. Wanaokosa hatua hii wako kila mwaka, na barua pepe ya kukumbusha huwa imelala kwenye takataka za sanduku lao.

Hatua ya 8: Kukubaliwa hadi kuripoti

Majibu ya UC hutoka kwa wingi mwezi wa nne, na unathibitisha nafasi kabla ya Juni 1. Kukubaliwa kwako kuna masharti: umalize kozi zote ulizotaja kwamba utazisoma. Usiache kozi ya muhula wa mwisho kwa furaha ya barua. Ukilazimika kubadilisha ratiba, waarifu kwa maandishi kabla hawajagundua wenyewe.

Omba koleji itume nakala ya mwisho ya matokeo ifike kabla ya Julai 1, pamoja na uthibitisho kwamba umekamilisha Cal-GETC, ambao kwa kawaida huombwa kwa fomu yake tofauti. Badilisha msimbo wa chuo kwenye FAFSA. Mwenye F-1 aombe koleji ihamishe rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwenda chuo kikuu, kisha apokee I-20 mpya, hati ya chuo inayosimamia viza yake. Asisubiri Agosti, kwa sababu akimaliza masomo ana siku 60 tu za kupanga hatua inayofuata. Nyumba za chuo huombwa mara tu unapothibitisha nafasi, na Santa Cruz na Santa Barbara ni miji ambayo chumba cha kupanga nje ya kampasi kinaweza kukutoa jasho kuliko mtihani wa takwimu.